Nenda Kwenu Siku Isiyo na Harusi

Mamangu alifariki Mandvi, katika jimbo la Gujarat, wiki ya kwanza ya Mei 2021. Mimi nilikuwa Mombasa. Kenya ilikuwa imesimamisha ndege za abiria baina yake na India tangu kuingia mwezi huo, kwa ajili ya wimbi la korona lililokuwa likizoa watu kule. Na hata ndege zingekuwapo, nisingemuwahi. Sisi Wahindu hatulazi maiti. Aliyekufa alfajiri, magharibi keshachomwa. Jambo hilo majirani zangu Waislamu wa Mji wa Kale hawakuhitaji kuelezwa, maana nao hawalazi. Mtoto wa kaka yangu alinionyesha kwa simu: wanaume wachache wenye barakoa, kuni zimepangwa, kaka yangu anazunguka na moto mkononi. Kisha mtandao ukakatika. Nikaenda kuoga maji baridi kama desturi yetu inavyotaka, nikarudi jikoni nisijue la kufanya.

Bibi wa nyumba ya pili akaingia, hodi yenyewe akiipigia ndani. Alileta mbaazi za nazi na mahamri, kwani anajua hatuli nyama, na anajua pia kwamba nyumba yenye msiba haiwashi jiko. Akakaa nami mpaka isha. Hakuniuliza mama aliugua nini.

Tangu siku hiyo nimezifikiria sana safari za kwenda kwetu: nilizokwenda, nilizoghairi, pesa zilizopotea njiani na zilizofanya kazi yake. Nina maoni makali kidogo juu ya jambo hili, na naona heri niyaandike kwa faida ya yeyote anayeishi mbali na kwao, awe Mhindi wa Mombasa kama mimi, Mbajuni aliye Toronto au mtu wa Tanga aliyeko Muscat. Mambo ya makaratasi nitayasema kirefu, maana huko ndiko watu wengi wanakoumia.

Mandvi ni mji wa bandari kwenye pwani ya Kutch, wilaya ya jimbo hilo la Gujarat. Baba ni fundi wa majahazi. Kule jahazi huundwa ukingoni mwa mto Rukmavati, mbele ya macho ya mji mzima. Unapita kwenda sokoni unaona mkuku umelazwa, mwaka unaofuata mataruma yamesimama, na huenda ukapita mwaka wa pili au wa tatu kabla halijaguswa na maji. Jina la Mombasa nililisikia kabla sijajua iko upande gani wa dunia. Manahodha wa zamani walikuja huku na kaskazi, wakarudi na kusi, na boriti za mikoko kutoka Lamu ziliezeka nyumba ngapi za pwani ya kwetu sijui, ila ni nyingi. Wazee wa Mandvi wanadai hata yule rubani aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 alikuwa mtoto wao, Kanji Malam. Wanahistoria wanabishana juu ya hilo. Mwambie baba kwamba wanabishana, uone.

Kwa hiyo posa ilipokuja kutoka Mombasa mwaka 1996, baba hakuona kuwa ananiozesha ugenini. Kwake Mombasa ilikuwa ng'ambo ya maji tu. Aliyelia ni mama.

Miezi ya kwanza sikusikia uchungu wowote. Milango ya Mji wa Kale ilikuwa na nakshi nilizozizoea, baraza zilikuwa zile zile, mama mkwe alisema Kikutchi, na harufu ya chumvi na samaki wakavu ilikuwa ya kwetu kabisa. Nikajidanganya kwamba nimehama mtaa. Hamu ilinivamia na mvua. Kutch ni nchi kavu, mvua ikinyesha watu hutoka nje wakapongezana, na mwaka mpya wetu wa Kikutchi umewekwa hapo hapo mvua zinapotarajiwa, Juni au Julai. Masika yangu ya kwanza Mombasa, tone la kwanza liliponidondokea nilipanda darini mbio, nimekunjua mikono. Nyuma yangu mama mkwe anapiga kelele: "Nguo! Anua nguo!" Chini barabarani watu wanakimbia wamejifunika mifuko ya plastiki, wanalaani. Hapo ndipo nilipojua niko mbali.

Nimewasikia wengi wakisema hamu huja na sikukuu. Mimi Diwali haijawahi kunisumbua. Diwali nyumba imejaa, hekaluni kumejaa, ukikaa vibaya unachomwa na fataki za watoto. Hamu yangu huja Jumanne saa nne asubuhi nikichambua mchele.

Siku hizo mawasiliano yalikuwa barua za karatasi ile nyepesi ya buluu, ambazo zilichukua wiki kadhaa, na simu za kupitia opereta zilizogharimu pesa nyingi hata tukawa tunasalimiana kwa kupigiana kelele na kuagana papo hapo. Tarehe 26 Januari 2001 ndiyo iliyonionyesha ukomo wa simu. Ilikuwa Siku ya Jamhuri kule. Tetemeko lilipiga saa mbili na dakika arobaini na sita asubuhi, na kwa kuwa sisi tuko nyuma yao kwa saa mbili na nusu, Mombasa ilikuwa ndiyo kwanza inaamka. Bhuj, mji mkuu wa Kutch, ilibomoka. Katika vichochoro vya Anjar watoto wa shule waliokuwa kwenye gwaride walifukiwa na majumba. Wote waliokufa walikaribia 20,000. Nasi Mombasa tulijua hayo kwa redio na televisheni, laini za kwenda Kutch zimekufa, ua wa hekalu umejaa watu wenye vijikaratasi vya namba, kila mmoja anamwomba mwenzake amjaribie. Habari za kwetu zilitufikia kupitia mfanyabiashara mmoja aliyepata kuongea na mtu wa Mumbai aliyeongea na mtu wa Mandvi: nyumba imepasuka ukuta, watu wazima.

Leo kila mtu ana video kiganjani, na ungedhani tumeponywa. Niseme wazi: simu ya video ni nzuri kwa kusalimia, lakini kwa kuficha ni hodari kupita barua. Miaka miwili ya mwisho mama alikuwa akinipokea ameketi pale pale, kitini karibu na dirisha, amejipaka poda, sari imenyooka. Nusu ya wakati alishika simu vibaya nikawa naona pangaboi. Tukacheka. Sikujua kwamba kufika kwenye kile kiti alikuwa anabebwa. Nyumbani walikubaliana wote wasiniambie, "asije akahangaika bure huko Afrika." Huo ndio upendo wa watu wa kwetu, na nadhani wa watu wa kwenu pia.

Ushauri wangu wa kwanza basi: tafuta mtu mmoja wa kukuambia ukweli. Asiwe ndugu wa tumbo moja, hao ndio waongo wakubwa. Mimi sasa namtumia mke wa jirani yetu wa kule, mwalimu mstaafu, mtu mkavu asiyejua kupamba maneno. Tumekubaliana. Baba akianguka, akikosa hamu ya kula, akianza kusahau jina la mtu, ananiandikia siku hiyo hiyo. Ushauri wa pili mdogo: usipige simu ya kukaa kutazamana. Mwambie wifi yako aiegemeze simu kwenye kopo la sukari wakati anapika, nawe pika kwako. Mtaongea mambo ya maana kuliko ile ya "hujambo, watoto wazima, haya mpe baba."

Sasa makaratasi.

Nilikaa Kenya miaka mingi kwa pasipoti ya India na kadi ya mgeni. Katiba ya 2010 ilipopita, watu wengi hapa walifurahia uraia wa nchi mbili, na baadhi ya kina mama wa kwetu wakadhani nasi tumo. Hatumo. Kenya inakubali, India haikubali. Sheria yake ya uraia ya mwaka 1955 inasema ukichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yako, wa India umekwisha siku hiyo hiyo. Pasipoti ya zamani huwezi kuendelea kuisafiria. Unatakiwa kuisalimisha, upewe cheti cha kuthibitisha umeisalimisha, na ukichelewa sana au ukaitumia kimyakimya kuna faini. Baadaye ndipo unaomba kadi ya OCI, ile wanayopewa watu wenye asili ya India walio raia wa nchi nyingine. Kadi hiyo ni kama visa ya maisha yote: unaingia na kutoka upendavyo, unaweza kuishi na kufanya kazi. Lakini hupigi kura, na ardhi ya kilimo hununui. Ada yake ukiombea nje ya India ni dola 275, nje ya gharama za picha, nakala, viapo na nauli.

Pasipoti yangu niliikabidhi nikiwa na haraka ya kuwahi treni. Nilirudishiwa imepigwa mhuri wa kubatilishwa. Mume wangu alidhani nitalia. Sikulia, nilikuwa nimekasirika kwa foleni. Nililia wiki mbili baadaye nikitafuta cheti cha chanjo cha mtoto nikaikuta ndani ya droo, ina picha yangu nikiwa binti mwembamba wa Mandvi mwenye masikio makubwa.

Kitu kilichonichelewesha kuliko vyote ni majina. Kwetu jina la kati la msichana ni la baba yake. Akiolewa, watu hulibadilisha likawa la mume, na jina la ukoo pia. Kwa hiyo cheti changu cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha ndoa kinasema vile, kitambulisho cha Kenya kimeacha herufi moja, na cheti cha shule kina tahajia ya karani aliyekuwa na usingizi. Kwa macho ya afisa mimi nilikuwa wanawake wanne. Kama binti yako anaolewa ng'ambo, kabla ya mambo ya dhahabu na viatu, kaa naye chini mkague vyeti vyote majina yalingane herufi kwa herufi, na mahali yasipolingana muape kiapo mapema kwa wakili. Ni shilingi chache leo. Mimi ilinichukua miezi kadhaa, na safari moja niliyokuwa nimeipanga ikafa.

Jambo jingine ambalo watu wa Afrika Mashariki hawalichukulii kwa uzito ni kadi ya manjano. India haina mchezo na homa ya manjano. Ukitoka Kenya wanataka cheti cha chanjo, na chanjo huhesabiwa kuanza kazi siku ya kumi baada ya sindano. Tangu 2016 cheti kimoja ni cha maisha, kwa hiyo hakuna sababu ya kutokuwa nacho. Shemeji yangu mmoja, mtu mwenye haraka siku zote, alichanjwa Jumatatu akasafiri Alhamisi kwenda kwenye arobaini ya mwanafamilia. Walimtoa kwenye mstari uwanjani, wakampeleka karantini. Wanaweza kukuweka huko hadi siku sita. Alitoka shughuli imekwisha, vyombo vimeoshwa, na mpaka leo watoto wakimwona anafunga begi humuuliza, "Ami, kadi ya manjano?"

Na pesa. Wahamiaji tuna tabia ya kuficha noti za kwetu, "za teksi nikifika." Mimi nilikuwa na rupia ndani ya kopo la majani ya chai, noti za 500 na za 1,000. Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016 serikali ya India ilitangaza kwamba noti hizo si halali tena. Wenye akaunti kule walihangaika kwenye foleni. Mimi niliye Mombasa nilibaki na karatasi. Nimemwekea mjukuu, achezee duka. Siku hizi ndiyo kabisa, muuza dabeli, mkate wa viazi wa kwetu, wa pembeni ana kibao cha kuskani kwa simu, na ukimpa noti kubwa anakutazama kama umempa jiwe. Mgeni asiye na laini ya kule wala akaunti ya kule yuko katika hali ya mgeni wa Mombasa asiye na M-Pesa. Beba noti ndogo ndogo, na laini ya simu ombea siku ya kwanza, haifunguliwi papo hapo.

Haya, nimefika kwenye lile hasa linaloniwasha.

Safari ya mwisho niliyomkuta mama hai ilikuwa ya harusi, Desemba. Desemba tiketi ni ghali kuliko miezi mingine yote, kwa sababu kila Mhindi wa Afrika anaelekea kule: ni majira ya baridi, ni majira ya harusi, na watoto wamefunga shule. Nauli ya familia nzima ingenipeleka mimi peke yangu safari tatu za mwezi mwingine. Juu ya nauli, zawadi. Huwezi kwenda harusini mikono mitupu ukitoka ng'ambo. Nilinunua leso mtaa wa Biashara, doti kwa doti, nikafika Mandvi shangazi mmoja akazigeuza akasoma pembeni, akaniambia zimechapishwa India. Kweli. Nimezilipia mzigo kutoka India hadi India. Nilibeba korosho, kahawa, majani ya chai ya Kericho, achari ya embe ya mama mkwe iliyovuja juu ya sari ya harusi. Katika vyote hivyo kilichopendwa kwa dhati ni mabuyu ya rangi, ambayo niliyatia begini bila kufikiri.

Siku za harusi zilikwenda kama zinavyokwenda. Kupakwa hina, kuimba, kupika kwa watu mia nne, kulala sebuleni na binamu saba, kuamka, kuvaa, kuvua. Mama alikuwa mama wa shughuli, mimi nilikuwa mgeni kutoka Afrika wa kupigwa naye picha. Nina mamia ya picha zetu wawili. Mazungumzo yetu wawili yalikuwa ya alasiri moja tu, tukichagua komamanga, na hata hiyo ilikatizwa na mtu wa mahema aliyekuja kudai pesa.

Baada ya mama kufariki nilimwambia mume wangu, kuanzia sasa nitakwenda wakati hakuna lolote. Alidhani ni huzuni inasema. Ndege ziliporudi nikachagua Agosti.

Njia ni ile ile: Mombasa hadi Nairobi, Nairobi hadi Mumbai kwa takriban saa sita za ndege, kisha treni ya usiku hadi Bhuj. Ndege ya Mumbai hadi Bhuj ipo, lakini mimi naipendelea treni, maana mtu anahitaji usiku mmoja wa kubadilika. Alfajiri unaona dirishani miiba na chumvi. Kutoka Bhuj ni kama kilomita 60 kwa gari. Nilikwenda na begi moja. Wifi yangu alilitazama, akatazama nyuma yangu kama kuna jingine linakuja.

Agosti Mandvi imetulia. Bahari ya kusi ni kali, majahazi yamefungwa mtoni, mabaharia wako makwao wamekaa barazani wanashona nyavu na kugombana na wake zao. Mwezi huo huo Wakharva, jamii ya mabaharia wa kwetu, hutupa nazi baharini kuomba msimu mpya uwe salama, ndipo vyombo vianze kutoka. Siku mbili za kwanza watu walikuja kunitazama, siku ya tatu wakachoka. Hapo ndipo safari ilipoanza. Nikapewa kazi za nyumbani. Nikatumwa dukani nikarudishwa kwa kuleta dengu zisizo zenyewe. Umeme ulipokatika tulikaa nje gizani na baba, ambaye sasa amepita miaka themanini na masikio yamekuwa mazito, naye akawa anazungumza tu, bila kuulizwa.

Alinieleza habari za mama nisizozijua. Watoto wangu hawakujifunza Kikutchi vya kutosha. Wanaelewa, wakijibu wanajibu Kiswahili na Kiingereza. Mama alikuwa akicheka kwenye simu wakimsemesha, nami nikidhani imetosha. Kumbe alikuwa akimfuata mzee mmoja, nahodha wa zamani aliyekuwa akija Mombasa na Lamu ujanani, ili amfundishe Kiswahili. Mzee anafundisha Kiswahili chake cha baharini: vuta kamba, tia tanga, pepo zinakuja, nipe maji ya kunywa. Mama ameandika kwenye daftari kwa herufi za Kigujarati. Baba alilitoa. Ukurasa mmoja una maamkizi, mmoja una hesabu hadi ishirini, mmoja una matusi mawili ambayo nadhani mzee yule hakumwambia maana yake, kwa sababu mama ameyaweka pamoja na majina ya matunda.

Nilicheka hadi nikalia. Hilo lisingetokea Desemba. Desemba lile daftari lingekuwa chini ya masanduku ya wageni.

Baba ana kumbukumbu kali juu ya vitu vya kurudi. Karibu na Mandvi kuna jumba la ukumbusho wa Shyamji Krishna Varma, mzaliwa wa mji wetu, aliyepigania uhuru wa India akiwa London na Paris, akafariki Geneva mwaka 1930. Aliacha malipo ili majivu yake yahifadhiwe huko mpaka India iwe huru na mtu aje kuyachukua. Uhuru ulikuja 1947. Majivu yalirudi 2003. Nilimpeleka baba pale kwa bajaji, tukatembea polepole, akasoma kibao chote, akasema, "Miaka sabini na mitatu. Na huyu alikuwa mtu mkubwa." Kisha akanigeukia: wewe ukifa huko, usimsumbue mtu, bahari ni moja. Nikamwambia baba, twende tukale.

Tulikula dabeli, chakula ambacho Mandvi inajigamba kwamba ilikizaa. Mombasa nimekuwa nikiitengeneza miaka yote, na kwa atakaye: viazi vya kuponda, masala ya dabeli, ukwaju, njugu za kukaanga, punje za komamanga juu, vyote ndani ya boflo ndogo iliyokaangwa kwa siagi. Kila kitu kinapatikana Marikiti isipokuwa masala, nayo haizidi gramu mia mbili begini. Watu wanaobeba magunia ya vyakula kutoka kwao sijawahi kuwaelewa. Beba kitu kimoja kisichopatikana, kingine nunua ulipo. Halafu nikuambie siri: pale Mandvi, na dabeli ya Mandvi mkononi, niliona kwamba yangu ni kali zaidi. Ni pilipili ya huku. Baba alipoonja ile niliyompikia jikoni siku ya pili, alikunywa gilasi mbili za maji, akasema Mombasa wameniharibu.

Wapo watakaosema hii ni anasa, kwenda India pasipo sababu. Dada mmoja wa jamii yetu aliniuliza hekaluni kwa sauti ya kutosha watu watatu: "Hakuna harusi, hakuna msiba, sasa umekwenda kufanya nini?" Nilimjibu nimekwenda kununua dengu. Ila swali lake lina haki kwa upande wa pesa, na nisijifanye tajiri. Nafidia namna hii: sinunui dhahabu, sipeleki zawadi zaidi ya mabuyu na chai, silali hoteli, na harusi natuma bahasha. Kwa hesabu yangu harusi moja ya Desemba kwa familia nzima ni sawa na Agosti tatu za mtu mmoja. Kuna waliokasirika. Kaka yangu alinuna takriban mwaka mzima.

Sasa anamwozesha mtoto wa pili, Desemba hii, na ameanza kupiga simu usiku. Amejaribu kumtumia baba, amejaribu kumtumia mume wangu. Tiketi yangu ya Agosti nimeshailipa. Desemba atakwenda mume wangu, yeye anapenda kucheza ngoma za harusi, na mizigo atabeba yeye.